Uzi wa nne

Novemba 2012, vita vilipofika Goma, tulivuka kuingia Gisenyi, na Papa akabeba gita lake. Lilikuwa la bei ndogo tangu siku ya kununuliwa. Mvua ya njiani ikaachanisha mgongo na mbavu.

Pale Nkamira tulipaka gundi ya mbao, tukalikaza kwa mpira wa baiskeli uliokatwa vipande. Siku mbili. Likashika. Ila uzi wa nne ulikuwa umekatika, na tuliopata ulikuwa mwembamba, ule wa kwanza.

“Weka huo huo,” Papa akasema. “Itakuwa mi-composé.”

Mimi nilidhani ni mzaha. Kumbe wapiga gita wa Kongo miaka ya 1960 walifanya hivyo makusudi: walitoa uzi mnene wa re, wakaweka mwembamba unaolia oktavu moja juu. Bendi zikapata sauti ya tatu, kati ya solo na gita la kusindikiza.

Papa lakini anapenda ya zamani zaidi, ya Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, akipiga kwa vidole viwili tu. Bosco hakuwa na uzi huo. Papa anampiga nao hivyo hivyo. Jioni jirani akaleta gita lake, lina nyuzi tatu.