Afisa Aliyeasi na Dhahabu ya Sekenke

Leo tunasoma historia ya huku huku Iramba.

Kila palipo na boma la zamani la Wadachi, yaani Wajerumani, hapakosi mtu wa kusema kwamba walipokimbia walizika dhahabu. Wengine wamechimba mashimo usiku. Wengine wameuza ng'ombe ili kumlipa mtu aliyedai kwamba anayo ramani. Basi tuitazame dhahabu yenyewe.

Dhahabu ilikuwapo kweli. Ukiteremka mlima wa Sekenke kwenda upande wa Shelui, hapo ndipo Wadachi walipofungua mgodi kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Vita ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliziba pwani. Fedha mpya haikuweza kuletwa kutoka Ujerumani, na serikali ilikuwa na askari wa kulipa. Ikachapa noti hapa hapa nchini, lakini watu hawakuzipenda. Mtu aliyezoea fedha inayolia ikigongwa, utampaje karatasi?

Mwaka 1916 mafundi wakaanza kutengeneza sarafu Tabora, katika karakana ya reli. Sarafu ndogo walizifua kwa shaba, pamoja na maganda ya risasi. Jina lake lilikuwa "heller". Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni: HELA. Neno hili mnalolitaja kila siku sokoni lilitoka kwa sarafu hizo za Wadachi.

Dhahabu ya Sekenke ilifanywa sarafu ya rupia 15. Upande mmoja yuko tembo, na nyuma yake mlima. Upande wa pili yuko tai. Tena iko herufi T, maana yake Tabora. Zilitengenezwa sarafu 16,198, kila moja uzito wake gramu 7 na kidogo. Mwezi wa Septemba 1916 Wabelgiji wakaiteka Tabora, na kazi ikakoma.

Sasa tumfuate huyo afisa. Mwezi wa Februari 1917, jeshi la Wadachi lilikuwa limesukumwa kusini. Meja Wintgens akajitenga na wenzake bila ruhusa, akashika njia ya kaskazini na askari wapatao 500. Mwezi wa Mei akashikwa na homa kali, akajisalimisha kwa Wabelgiji karibu na Tabora. Msaidizi wake, Heinrich Naumann, alikataa kusalimu amri. Akavuka reli, akaja huku, akaizingira boma ya Mkalama iliyokuwa mikononi mwa Waingereza. Kutoka Mkalama akaenda Ikoma, na watu wake wakafika hata Kahe, karibu na Moshi. Waingereza na Wabelgiji walimwinda miezi mingi. Alishikwa mwanzoni mwa Oktoba 1917, upande wa Kondoa. Waingereza wakamshtaki kwa kosa la kuua, akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikapunguzwa kuwa kifungo.

Je, mtu huyu alizika dhahabu Mkalama? Tufanye hesabu. Sarafu zote 16,198, ukizikusanya pamoja, ni kilo 116 tu. Mzigo wa mpagazi mmoja siku hizo ulikuwa kama kilo 27. Basi hazina yote ya Tabora, asipotoa hata moja, ingebebwa na watu watano! Nayo haikukaa pamoja, kwa sababu ilifanywa ili itumike. Sarafu nyingi zimo leo katika makabati ya watu wa ng'ambo wanaokusanya fedha za kale. Naumann mwenyewe aliondoka kusini miezi mitano baada ya Tabora kutekwa, tena alikuwa akikimbia. Mtu anayekimbia hivyo huwapa wapagazi risasi na chakula kwanza.

Na hicho chakula kilitoka wapi? Jeshi lisilo na ghala hula ghala za wengine. Kila lilipopita lilichukua mtama, ng'ombe, na vijana wa kubeba mizigo. Majeshi ya Waingereza na Wabelgiji yaliyolifuata nayo yalitaka kula. Jirani zetu Wagogo waliporwa hivyo hivyo na majeshi ya pande zote mbili, kisha mvua zikakosa. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917 hata 1920, waliiita Mtunya, na watu maelfu walikufa.

Mzee yeyote wa Ulemo aliyesikia kwa babu yake habari za miaka hiyo, na aje darasani wiki ijayo. Mmoja wenu amwandikie maneno yake daftarini, pamoja na majina ya wapagazi anaowakumbuka. Majina ya maafisa yamo vitabuni tayari.