Mashine ndogo ya boti na usajili wake Marekani
Mashine ya boti ni injini inayofungwa tezini kwa vibano vya skrubu. Kichwa hubaki juu, mhimili hushuka majini kuzungusha rafadha, na nahodha huigeuza yote kwa mkono, bila usukani. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei, ndiye aliyeifanya iuzike Marekani kuanzia 1909.

Sheria ya shirikisho ya 1958 ilidai namba kwa vyombo vya injini inayozidi nguvu za farasi 10. Siku hizi hata kidau chenye mashine ya nguvu za farasi 2 kwa kawaida husajiliwa jimboni, na inafaa hivyo: kikikutwa kinaelea kitupu, namba humtambulisha mwenyewe upesi. Huandikwa pande zote mbili za omo, kimo kisipungue inchi 3, rangi ikitofautiana na ya ubavu.