Mbio za Comrades: Mlango, Saa na Mkimbiaji wa Mwisho

Kati ya miji ya Pietermaritzburg na Durban, nchini Afrika Kusini, kuna barabara ya milima yenye urefu wa takribani kilomita 90. Tangu 1921, isipokuwa miaka ya Vita Kuu ya Pili na ile ya Korona, barabara hiyo hukimbiwa kwa siku moja na umati wa walimu, wauguzi, madereva na makarani, mwaka mmoja wakipanda kutoka baharini, mwaka unaofuata wakiteremka. Wengi wao hawajawahi kushinda mbio zozote na hawatarajii kushinda. Majina yanayobaki vitabuni ni ya mabingwa, kama ilivyo desturi ya historia za riadha. Ninachodai hapa ni kwamba mbio hizi, ziitwazo Comrades, zilijengwa na walioachwa nyuma na mabingwa hao. Kila zilipokua, ama mlango wa kuingilia ulikuwa umepanuliwa, ama saa ya kufungia ilikuwa imesogezwa. Ushahidi upo wa kutosha, na sehemu yake ya kwanza inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki zaidi ya tunavyodhani.

Mwanzilishi wake, Vic Clapham, alikuwa dereva wa treni. Katika Vita Kuu ya Kwanza alijiunga na kikosi cha 8 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini, akatembea takribani kilomita 2,700 katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara, akiwasaka askari wa kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye hakusalimu amri mpaka Novemba 1918. Clapham alirudi kwao na jambo moja kichwani. Ikiwa watu waliotolewa kwenye viti vya ofisi na kwenye karakana waliweza kuvuka nchi kubwa namna ile wakiwa na mizigo na malaria, basi mtu aliyejiandaa hawezi kushindwa na mwendo wa Pietermaritzburg hadi Durban. Akakiendea chama cha askari wastaafu, League of Comrades of the Great War, kuomba ruhusa ya kuandaa mbio za kuwakumbuka waliokufa. Alikataliwa zaidi ya mara moja, kwa hofu kwamba mwendo huo ni mkali mno. Mwaka 1921 alikubaliwa na kukopeshwa pauni 1. Tarehe 24 Mei mwaka huo walianza watu 34, wakamaliza 16, na mshindi, Bill Rowan, alitumia saa 8 na dakika 59. Leo kuna medali yenye jina lake kwa wanaomaliza kati ya saa 7 na nusu na saa 9, na kila mwaka huvaliwa na watu wa ofisini waliojiandaa vizuri. Muda ulioleta ubingwa umekuwa shabaha ya mkimbiaji wa kawaida.

Hoja ya Clapham ilikuwa sahihi, ila hesabu yake ilikuwa na pengo. Katika misafara ile ya vita, waliotembea zaidi na kubeba zaidi walikuwa wapagazi wa Kiafrika, waliochukuliwa kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu. Kambi yao ya Dar es Salaam ilikuwa pale palipo Kariakoo hivi sasa. Makadirio ya waliokufa upande wa Waingereza peke yake yanakaribia 100,000, na wengi zaidi waliuawa na maradhi, uchovu na chakula kibovu kuliko risasi. Kama kuna watu waliothibitisha kwamba mwanadamu asiyekuwa mwanariadha anaweza kustahimili mwendo usiokadirika, ni hao. Lakini mbio zilizozaliwa na ushahidi huo ziliwekwa kwa ajili ya wanaume Wazungu tu, na hali ikabaki hivyo kwa zaidi ya miaka 50.

Waliojaribu kuuvuka mlango huo wanajulikana. Mwaka 1923 Frances Hayward aliomba kuingia akakataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Alikimbia hata hivyo, bila namba rasmi, akamaliza kwa saa 11 na dakika 35. Mwaka 1935 Robert Mtshali, Mwafrika wa kwanza anayejulikana kuimaliza njia hiyo, alitumia saa 9 na dakika 30. Jina lake halikuingizwa kwenye matokeo. Wapo wanaosema tusiwahukumu watu wa zamani kwa vipimo vya leo, kwamba waandaaji walifuata tu fikra za enzi zao. Jibu limo katika enzi hizohizo. Hayward alipokosa medali, watazamaji na wakimbiaji walichanga fedha wakamnunulia vyombo vya chai vya madini ya fedha. Watu waliokuwapo barabarani walikwisha kuona kwamba alistahili. Kilichokosekana ni uamuzi wa waliokuwa na orodha mikononi. Linganisha na Arthur Newton, mkulima wa Natal aliyeanza mazoezi Januari 1922 akiwa na miaka 38, akashinda mwezi Mei, na baadaye akawa bingwa mara 5. Newton alianza kukimbia ili jina lake livume na serikali isikilize malalamiko yake kuhusu shamba, kwa sababu ardhi jirani ilitengwa kwa ajili ya makazi ya Waafrika. Alichoiachia riadha ni kikubwa: kukimbia polepole, mbali, kila siku, ndiyo shule ambayo wakimbiaji wa kawaida duniani wanaifuata mpaka leo. Ila jukwaa alilolitumia kudai haki yake ya ardhi lilikuwa limefungwa kwa Waafrika wenyewe, ambao malalamiko yao ya ardhi yalikuwa mazito kuliko yake.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi ninaloliheshimu zaidi. Wapo wanaoona kwamba kilichozifanya mbio hizi kuwa za watu ni kukosekana kwa fedha. Ridhaa, wanasema, ndiyo iliyomweka mwalimu na bingwa kwenye mstari mmoja, na fedha za zawadi zilipoingia mwaka 1995 kitu kilipotea. Ni kweli kwamba Bruce Fordyce alishinda mara 9 bila kulipwa zawadi. Lakini kanuni ya ridhaa haikuwahi kuwa rafiki wa mnyonge. Huko London, Amateur Athletic Club, iliyoanzishwa 1866, iliweka kanuni zilizowazuia mafundi na vibarua kushindana na mabwana, na ubaguzi huo ulifutwa tu chama kipya cha riadha cha Uingereza kilipoundwa 1880. Mwaka 1932 Paavo Nurmi wa Finland alizuiwa kukimbia maratoni ya Olimpiki ya Los Angeles kwa madai ya kupokea malipo. Comrades nayo ina kisa chake: Wally Hayward, bingwa mara 5, alifungiwa kwa miaka mingi katika riadha ya ridhaa baada ya kupokea msaada wa gharama za safari ya kwenda kushindana Uingereza. Mwenye mali hakuhitaji msaada wa nauli, kwa hiyo kanuni haikumgusa. Na zawadi zilipokuja, umati haukupungua. Mwaka 2010 waliomaliza walizidi 14,000, na karibu wote walijigharamia viatu, nauli na malazi.

Mlango ulifunguliwa rasmi 1975, kwa wanawake na kwa Waafrika siku moja. Vincent Rakabaele wa Lesotho alifika wa 20, na Elizabeth Cavanagh akawa mwanamke wa kwanza kutambuliwa kuwa mshindi. Mtu anaweza kusema kuwa huo ulikuwa ujanja wa siasa: Afrika Kusini ilikuwa imefukuzwa kwenye Olimpiki tangu 1970 na ilihitaji sura ya kuuonyesha ulimwengu. Nakubali kwamba hesabu hiyo ilikuwapo. Ubaguzi haukuisha siku ile; mwaka 1981 waandaaji walikubali kuziunganisha mbio na sherehe za miaka 20 ya Jamhuri ya makaburu, na Fordyce alikimbia akiwa amefunga kitambaa cheusi mkononi kupinga, akashinda. Lakini nia ya mwenye kufungua mlango haiwezi kuamua nani atapita. Waafrika waliokuwa wakikimbia bila namba waliingia kwa majina yao, vilabu vya mitaa ya weusi vikapata sababu ya kujipanga, na televisheni, iliyofika nchini humo 1976, ikaonyesha kwa siku nzima wafanyakazi wa rangi zote wakipeana maji kwenye milima ileile. Mwaka 1989 Sam Tshabalala alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda. Ushindi wake huandikwa kama mwanzo, na kwa hesabu ya mabingwa ni hivyo. Kwa hesabu ya barabara, ulikuwa matokeo ya miaka 14 ya watu waliofika katikati na mwisho.

Saa imezungumziwa kidogo kuliko mlango, nami naiona kuwa na uzito uleule. Muda uliowekwa 1921 ulikuwa saa 12. Mwaka 1928 ulipunguzwa kuwa 11, na haukurudishwa 12 kwa kudumu mpaka 2003. Kwa njia ya kilomita 90, saa 11 ni dakika 7 na sekunde 20 kwa kila kilomita. Saa 12 ni dakika 8 kamili. Tofauti hiyo ya sekunde 40 ndiyo inayomtenga kijana mwenye nafasi ya kufanya mazoezi mara mbili kwa siku na mama wa miaka 50 anayeamka alfajiri kukimbia kabla ya kazi. Frances Hayward mwenyewe, aliyewahi muda wa 1923, angefungiwa nje na saa ya 1928. Siku ya mbio, muda unapotimia, ofisa husimama akiwapa mgongo wanaokuja na kufyatua risasi moja hewani. Aliye hatua moja nyuma ya mstari hana medali, awe ametoka Durban au Dodoma. Mwaka 1989 Wally Hayward, adhabu yake ikiwa imekwisha siku nyingi, alirudi akiwa na miaka 80 akamaliza kwa saa 10, dakika 58 na sekunde 3, chini ya dakika 2 kabla ya mlio huo.

Waliopinga nyongeza ya 2003 walikuwa na hoja: kipimo kikilegezwa, medali inashuka thamani. Ingekuwa hivyo kama saa 12 zingemruhusu mtu kutembea tu. Haziruhusu. Mwendo wa miguu wa haraka ni kama dakika 10 kwa kilomita, hivyo anayetaka kumaliza lazima akimbie sehemu kubwa ya njia, ikiwamo milima ya Botha's Hill na Inchanga, na kwanza lazima awe amemaliza maratoni ya kilomita 42 ndani ya muda uliowekwa ndipo akubaliwe. Kilichoongezeka ni werevu wa kugawa nguvu. Wakimbiaji wa huko hukimbia katika makundi wanayoyaita mabasi, kila basi likiwa na dereva mzoefu anayejua ni mlima upi wa kutembea na ni tambarare ipi ya kukimbia ili wote wafike kabla ya risasi. Huo ni ufundi ambao bingwa hauhitaji. Umebuniwa na watu wa nyuma kwa ajili ya watu wa nyuma.

Pingamizi la afya ni zito zaidi, maana kukaa barabarani nusu siku si mchezo. Lakini hata hapa wakimbiaji wa polepole wamewapa elimu wengine wote. Kwa miaka mingi wanariadha waliambiwa wanywe maji kadiri wawezavyo. Katika Comrades ya 1981 mwanamke mmoja aliugua vibaya karibu na mwisho, na Tim Noakes, daktari wa Cape Town ambaye naye amewahi kuzikimbia mbio hizo, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba hali kama hiyo ilitokana na kunywa maji mengi kupita kiasi hadi chumvi ya damu ikapungua. Bingwa anayekimbia chini ya saa 6 hapati nafasi ya kunywa kiasi hicho. Anayetumia saa 11 anayo. Ushauri wa sasa wa kunywa kwa kufuata kiu umetokana na miili ya hao wa nyuma.

Kwetu kuna pingamizi la namna nyingine: eneo lililowatoa Juma Ikangaa, bingwa wa New York 1989, na Ibrahim Hussein, bingwa wa Boston 1988, lina haja gani ya kuwahangaikia watu wanaomaliza jioni? Mbio huku ni ajira, na kijana wa Iten au Mbulu hakimbii kwa burudani. Ni kweli, na ajira hiyo ilindwe. Ila Kilimanjaro Marathon ya Moshi na maratoni ya Nairobi, zote zilizoanza 2003, hazijazwi na mabingwa. Hujazwa na watumishi, wanafunzi na wafanyabiashara wanaolipa ada, wanaokodi vyumba, wanaounda vikundi vya mazoezi vya mitaa. Hao ndio wanaoyafanya mashindano yadumu mwaka baada ya mwaka, na waandaaji wanaofungua barabara mapema ili magari yapite wanawaondoa wateja wao wenyewe.

Comrades yenyewe haijamaliza kazi. Mwaka 2019 ilianzisha medali ya Robert Mtshali kwa wanaomaliza kati ya saa 9 na 10, miaka 84 baada ya kumkatalia nafasi kwenye matokeo, na ni haki. Lakini wanawake bado ni wachache mno kuliko wanaume kwenye mstari wa kuanzia, ingawa hakuna kanuni inayowazuia tangu 1975. Mazoezi ya kilomita 90 yanataka saa nyingi kila wiki kwa karibu nusu mwaka, na saa za mfanyakazi ziko alfajiri, gizani, wakati ambao mwanamke anayekimbia peke yake barabarani hayuko salama na wakati ambao, nyumbani kwake, anatarajiwa kuwasha jiko na kuwaandaa watoto. Hilo haliondolewi na kamati ya mbio kwa kura. Linahitaji vikundi vinavyokimbia pamoja, taa za barabarani, na mume anayebaki na watoto Jumapili asubuhi.