Kinole: Ladha ya Mvua

Mama aliyenikatia nanasi langu la kwanza la Kinole hakuhitaji meza wala sahani. Alilishika kishungi, akaligeuza juu chini, akaanza kulimenya kwa panga fupi, akiyafuata macho yake kwa mstari mmoja uliozunguka kama ngazi ya mnara. Alipomaliza alikata kipande cha kitakoni akanikabidhi. "Anzia huku, mwanangu," alisema, "huku ndiko kulikotangulia kuiva." Maji yalinichuruzika hadi kiwikoni. Kipande cha pili alikikata katikati, cha tatu karibu na kishungi, na kila nilipopanda utamu ulipungua, ukali ukaongezeka, ulimi ukaanza kuwasha. Nanasi moja, ladha tatu. Nimeshakaa mara kadhaa na wajuzi wa mvinyo wakizungusha bilauri na kunusa kabla ya kumeza, lakini somo la kuonja nililipata vizuri zaidi pale, nimesimama kando ya barabara, mikono ikinata.

Kinole ni kata ya Morogoro Vijijini, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru. Ukitoka mjini unashika barabara ya Bigwa kwenda Kisaki, unaupanda mlima wa Kiroka na kuushuka, kisha unaiacha barabara kuu na kuelekea milimani. Huko minazi inabaki chini yako, na migomba, michungwa na mifenesi inakupokea. Chini ya vivuli vyake kuna mdalasini, iliki na mikarafuu. Pilipili manga nayo imeukumbatia mti wowote ulio karibu, ikapanda nao hadi matawini. Mgeni aliyezoea kuona mizabibu ikitambaa juu ya nguzo na nyaya huko Dodoma atasimama aitazame. Mtambaa wa Kinole ni huu, na nguzo yake ni mfenesi ulio hai.

Sababu ya yote hayo ni mvua. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi huvuka nchi tambarare ya Uzaramo ukiwa umebeba unyevu, na Uluguru ndiyo milima mirefu ya kwanza kuuzuia. Miteremko ya mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Upande wa magharibi, nyuma ya kilele, hupata pungufu ya hapo. Mito inayozaliwa huku ndiyo inayoujaza Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanayonywewa Dar es Salaam. Anayefungua bomba lake Kimara asubuhi anaionja Uluguru bila kujua.

Kwa Waluguru mvua ilikuwa na mwenyewe hapa duniani. Kinole ni kiti cha Kingalu, mkuu wa ukoo aliyejulikana kwa kazi ya kuomba mvua, na cheo hicho kimerithiwa kizazi baada ya kizazi hadi leo. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kingalu akiondoka, kiti hurudi kwa watoto wa dada zake, na kila mrithi hutofautishwa na wenzake kwa jina la pili linaloonyesha upande wa baba: Mwanarubela, Mwanashaha, Mwanabanzi. Ukiyasikia majina hayo yakitajwa kwa mpangilio unaisikia historia ya mji mzima. Kusini zaidi, katika milima hiyo hiyo, palikuwa na Kolelo, mahali pa mizimu palipojulikana hadi pwani. Wazaramo walipanda kutoka kwao kwenda kuomba mvua na mavuno huko, na mwaka 1905 jina la Kolelo lilikuwa miongoni mwa yaliyozunguka katika habari za vita vya Maji Maji.

Waliokwenda kuomba hawakwenda mikono mitupu. Katika matambiko ya Uluguru unga na pombe ya nafaka ndivyo vilivyobebwa, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana mtu akitaja kuonja vinywaji vya mahali, fikra zetu hukimbilia chupa na kizibo. Pombe ya tambiko haikuwa na chupa. Ulianza kwa kuloweka ulezi au mtama, ukaufunika hadi ukachipua, ukauanika na kuusaga ukawa kimea. Uji wa mahindi ukiisha kupoa kiasi cha kuvumilika kwa kidole, kimea kikatiwa, na baada ya saa chache uji ule mzito ukalegea na kuwa mtamu peke yake, bila chembe ya sukari. Hiyo ndiyo togwa. Mtoto anainywa, mjamzito anainywa, na mlimaji anabeba dumu lake shambani. Ukiiacha siku zaidi inachachuka na kukaza, inakuwa kitu kingine, cha wazee na cha mizimu. Kwa hiyo chungu kimoja kilikuwa na vinywaji viwili, na aliyekiangalia alipaswa kujua kwa pua saa ya kusimama.

Upande huu wa mlima una Waislamu wengi, na nyumba nyingi za Kinole hazina pombe kabisa. Togwa ilibaki. Nimeinywa huko kwenye kata ya kibuyu, yenye uchachu wa mbali unaokuja baada ya kumeza, na mwenyeji wangu akaniletea magimbi ya kuchemsha na chumvi. Gimbi ni zito, lina unga unaoganda mdomoni. Togwa inausafisha mdomo na kuuandaa kwa tonge lingine. Hakuna aliyekaa kikao kuamua kwamba viwili hivyo vinafaa pamoja. Bonde la mto lilitoa gimbi, mteremko ukatoa mahindi na ulezi, vikakutana jikoni.

Zabibu ilifika katika milima hii kwa njia nyingine, na ilifika ikiwa tayari mvinyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, wakaingia bara hatua kwa hatua hadi Morogoro katika miaka ya 1880, na mwaka 1897 wakafungua misheni ya Matombo, jirani ya Kinole. Sheria ya Kanisa kuhusu divai ya misa haina mlango wa nyuma: lazima iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Nanasi halikubaliki, ndizi haikubaliki, hata ziwe nzuri namna gani. Padre aliyetaka kuadhimisha misa mahali penye kila tunda ilimbidi asubiri mvinyo utoke mbali. Kabla mapadre hawajafika Morogoro, bondeni, msafiri Stanley alikuwa amekwisha kupita mwaka 1871 akauona mji wa Simbamwene ulioanzishwa na chifu Kisabengo, wenye ukuta wa mawe na minara, akaustaajabia. Misafara ilipita chini ya milima. Huku juu kwa Kingalu watu walikuwa na mvua yao.

Waingereza walipoanza kutawala kupitia machifu, mwaka 1925, Kingalu Mwanarubela alifanywa mmoja wa masultani wawili wa Uluguru, mwenzake akitoka katika ukoo wa Kisabengo. Mtu wa mvua akawa mtu wa kodi. Kisha mwaka 1950 ukaja mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Mgeta, upande wa magharibi, matuta yalikubalika kwa sababu wakulima waliyapandia mboga za kuuza. Mashariki yalikuwa mateso: udongo mzuri wa juu ulifukiwa, udongo mbaya wa chini ukapanda juu, mvua kubwa ikamalizia. Mwaka 1955 watu wa Matombo na vijiji vya jirani wakakataa, ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi, na mpango ukafa. Ninapotembea Kinole leo na kuona mgomba, mchungwa na mdalasini vikikaa pamoja kwenye kipande kimoja cha mteremko, mizizi yao imeshikana, naona jibu ambalo wazee wale hawakupewa nafasi ya kulieleza kwa maneno.

Mvinyo wa Tanzania ulizaliwa kilomita zaidi ya 250 magharibi, kwenye ukame. Katika miaka ya 1950 wamisionari wa Kiitaliano walipanda mizabibu Bihawana, nje kidogo ya Dodoma, kwa ajili ya divai ya misa. Ikastawi kuliko walivyotarajia. Gereza la Isanga likalima, serikali ikaanzisha kampuni ya mvinyo, kituo cha utafiti kikakaa Makutupora, na baada ya mwaka 2000 kiwanda cha Cetawico kikajengwa Hombolo. Dodoma hupata milimita chini ya 600 kwa mwaka, tena katika msimu mmoja, na hilo ndilo lililouokoa mzabibu. Mmea huu hauwezi unyevu: jani likikaa na maji, ukungu unaingia, na kichala kinaoza kabla ya kuiva. Pia unahitaji kulala. Ulaya baridi huulaza. Dodoma mkulima huulaza kwa kuunyima maji, kisha anaupogoa na kuuamsha, na akifanya hivyo mara mbili kwa mwaka anavuna mara mbili. Kinole, ambako mvua hazikatiki vya kutosha, mzabibu hauna siku ya kulala.

Nchi moja, basi: Wagogo wa Dodoma, wenye kiu, ndio walioipa jina chupa, na watu wa mvua wanauza matunda yasiyo na jina. Hili linaniuma, na sioni haya kulisema.

Sipuuzi mvinyo wa Dodoma. Naupenda, na nimegundua kwamba unapendeza zaidi ukikutana na mazao ya Kinole. Jioni moja mjini Morogoro tulikuwa na perege wa bwawa la Mindu, aliyepikwa kwa tui zito na pilipili manga mbichi niliyoletewa kutoka mlimani, ikiwa bado kwenye vichala vyake vya kijani. Tulifungua mvinyo mweupe wa Dodoma, wa zabibu ya Chenin Blanc, usio na utamu. Ukali wake uliyakata mafuta ya tui kama ndimu, na pilipili ile mbichi, ambayo ina harufu ya majani kuliko moto, ikabaki nyuma ya pua muda mrefu. Mvinyo mwekundu wa Makutupora ni mzito kwa samaki, lakini uweke kando ya pilau ya mbuzi iliyotiwa mdalasini wa magome mapya na iliki iliyopondwa wakati huo huo, utaona unalainika. Nanasi nalo linahitaji uangalifu. Ukila kipande kitamu kisha ukanywa mvinyo usio na utamu, mvinyo unageuka siki. Nanasi liende na dompo, ule mvinyo mtamu, au liende peke yake, na mimi kwa kawaida huliacha peke yake.

Je, tunda la Kinole lenyewe haliwezi kuwa mvinyo? Linaweza. Zabibu za mvinyo huwa na sukari zaidi ya asilimia 20. Nanasi lililoiva huwa na kama 12 hadi 15, kwa hiyo linahitaji kuongezewa sukari ili mvinyo ukae bila kuharibika. Ndizi ina kazi ya ziada ya kutenganisha maji na nyama yake, lakini Arusha wameiweza, na mvinyo wao wa ndizi unauzwa madukani miaka mingi sasa. Kila Agosti, kwenye maonyesho ya Nane Nane mjini Morogoro, vikundi vya kina mama hupanga chupa za mvinyo wa rosela, mwekundu kama rubi, na kukumiminia kidogo kwenye kikombe cha plastiki ili uonje. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko hapo hapo chini ya mlima, kimefundisha sayansi ya chakula kwa miongo kadhaa. Elimu ipo mwendo wa saa chache kutoka kwenye tunda. Na si lazima tunda lichachuke ndipo liheshimiwe: juisi iliyosindikwa vizuri, nanasi lililokaushwa, mdalasini uliofungwa ukiwa na jina la kijiji ulikotoka, vyote vingemfanya mtu atoke Dar es Salaam kuja kuonja mahali penyewe, kama watu wanavyokwenda Hombolo.

Kwa sasa mambo ni haya. Matenga ya mananasi na machungwa yanashushwa kwa vichwa na kwa bodaboda hadi barabarani, wanunuzi wenye magari wanakadiria bei kwa macho, na mvua ikinyesha barabara inateleza, tunda linasubiri, na tunda halina subira. Bei inashuka saa ile ile mkulima anapolazimika kuuza. Nimemwona mzee akirudi mlimani na nusu ya tenga lake. Alikataa bei, akasema bora wale mbuzi.

Soko kuu la mjini Morogoro, jengo jipya la ghorofa, limepewa jina la Chifu Kingalu. Nilipita humo asubuhi moja, harufu ya mananasi ikinifikia kabla sijafika kwenye meza zake. Yalikuwa yamepangwa vishungi juu, madogo kwa makubwa, mengine yakiwa bado na udongo mwekundu kitakoni. Nikamuuliza kijana muuzaji yanatoka wapi.

"Ya hapa hapa Moro, kaka," alisema, akiwa tayari ameshalichagua moja. "Nikukatie?"

Nilimwomba aanzie kitakoni.