RAFIKI WA BABA AKIFA, URAFIKI HAUZIKWI



Ndugu zangu katika imani, mzazi akifa wengi wetu tunajua la kufanya: tunamuombea dua, tunamtolea sadaka, tunamlipia madeni. Lakini iko haki moja ambayo husahauliwa sana, nayo ni haki ya rafiki wa mzazi. Na yeye akifa, haki ya watu wa nyumba yake.

Imam Muslim amepokea kisa cha Abdullah bin Umar, Allah awe radhi nao. Alikuwa njiani kwenda Makka, akakutana na bedui. Akamsalimu, akampa punda aliyekuwa akimpanda yeye mwenyewe, na kilemba cha kichwani mwake. Wenzake wakastaajabu, kwani mabedui huridhika na kidogo tu. Akawaambia kuwa baba wa mtu yule alikuwa rafiki wa Umar, na kwamba amemsikia Mtume ﷺ akifundisha kuwa katika wema mkubwa kabisa wa mtoto ni kuwaunga wale waliopendana na baba yake. Tazama vizuri: bedui yule hakuwa rafiki wa Ibn Umar. Ni mtoto wa rafiki wa baba yake!

Usidhani mambo haya yaliishia kwa Masahaba. Yametokea hapa hapa Zanzibar, na faida yake tunaila mpaka leo.

Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit alizaliwa Ngazija mwaka 1861, baba yake mtu wa Shibam, Hadhramaut. Ujanani alikuwa nahodha wa jahazi. Kisha akawa kadhi Unguja katika zama za Sayyid Barghash. Mwaka 1885 akaenda Istanbul, na Sultani Abdulhamid II akamtukuza kwa nishani. Mwaka 1888 akarudi Unguja, akashika tena ukadhi. Nasaba anayo, cheo anacho, jina limevuka bahari.

Rafiki yake ni Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, karibu rika moja naye. Huyu ametoka katika nyumba ya kimasikini. Si sharifu, wala hakuwa na cheo cha serikali. Kwa hesabu zetu za leo tungesema hawa hawakai jamvi moja. Lakini walikaa. Elimu na mapenzi ya Allah viliwakalisha.

Ibn Sumeit alimuelekeza mwenzake Hadhramaut akazidi kusoma, na safari ile Sheikh Abdallah akaiandikia kitabu. Aliporudi akasomesha Ukutani, mjini Unguja, chuo kikatoa masheikh walioenea pwani nzima. Na hapa ndipo pa kupazingatia. Sayyid Ahmad, kadhi mwenye elimu yake, alikuwa na mtoto, Sayyid Omar, aliyezaliwa mwaka 1886. Mtoto huyo akasoma kwa baba yake na kwa Sheikh Abdallah pia. Na Abubakar, mtoto wa Sheikh Abdallah, akasoma kwa Sayyid Ahmad. Kila mmoja akawa baba wa mtoto wa mwenzake.

Mwaka 1925, sawa na mwaka 1343 wa Hijra, wote wawili waliondoka duniani. Mwaka mmoja, nguzo mbili.

Je, yalikwisha? Hayakwisha. Sheikh Abubakar akakishika chuo cha Ukutani mpaka alipofariki mwaka 1943. Sayyid Omar akaandika maisha ya baba yake, akaingia katika ukadhi, akapata kuwa kadhi hapa kwetu Pemba, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Zanzibar. Na kijana mmoja aliyekuwa na miaka kama 13 tu walipokufa wazee wale, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, akaja kuandika khabari zao kwa Kiswahili. Kwa hivyo kumkumbuka maiti si kulia tu. Ni kazi, na kazi hiyo ina mwenye kuifanya.

Sasa turudi majumbani mwetu.

Mwezi huu tumemzika ami yetu mmoja hapa kijijini. Nasema ami, na hatuna damu naye. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu tokea chuoni. Baba alipokufa, msimu wa karafuu ulikuwa umeingia na sisi tuko wadogo. Ami akatuchumia, akatuanikia, akauza, akamletea mama fedha mkononi, pishi kwa pishi. Naye alikuwa na mikarafuu mitatu katika shamba letu, aliyoruhusiwa na baba kuichuma. Hakuna karatasi. Palikuwa na maneno ya watu wawili tu, na wote wawili sasa wako chini ya ardhi.

Ndugu yangu, matanga hayajaondoka mmoja wetu akauliza: "Ile mikarafuu tunairudisha lini?" Kisheria hakukosea. Ruhusa kama ile huondoka akifa mmoja wao, na warithi wana haki ya kuchukua chao. Lakini haki ni kitu kimoja na wema ni kitu kingine. Tulikaa warithi wote, tukaridhiana kuwa mjane wake aendelee kuichuma maisha yake yote. Na safari hii tumeandika, na mashahidi wapo.

Nawe fanya haya:

1. Wajue marafiki wa wazee wako kwa majina. Mama yako akiwa hai, muulize leo.

2. Akifa mmoja wao, usitosheke na kutuma rambirambi kwa simu. Nenda ukahani. Ulioko Maskati au Dar es Salaam, ukija Pemba pita nyumbani kwao.

3. Rudi baada ya matanga. Siku tatu za mwanzo nyumba imejaa watu. Mwezi wa pili mjane yuko peke yake.

4. Mliyoaminiana kwa mdomo yaandikeni mkiwa hai, wasije wakagombana watoto.

Mtume ﷺ akichinja mbuzi alikuwa akiwapelekea nyama marafiki wa Bibi Khadija, naye ameshakufa zamani. Sunna hii haihitaji utajiri. Inahitaji moyo usiosahau.

Allah awarehemu masheikh zetu, wazee wetu na marafiki wa wazee wetu, na atujaalie tuwe watu wa kuunga. Amin.