Nahodha wa Magongo

Msomaji, usidhani kwamba historia ya taifa imo katika hotuba za wakubwa na mikataba yao tu. Sehemu yake imeandikwa viwanjani, kwa jasho la watu ambao hawakushika madaraka yoyote. Ukitoka katikati ya Nairobi ukaelekea Parklands, utaukuta uwanja wa City Park, mahali panapojulikana sana kwa mpira wa magongo. Katika mchezo huo alisifika mtu mmoja ambaye maisha yake yafaa kukumbukwa: Avtar Singh Sohal.

Sohal alizaliwa Nairobi mwaka 1938, siku ambazo mji uligawanywa kwa rangi za watu. Wazungu walikaa katika mitaa yao yenye bustani, Wahindi wakakaa Ngara na Parklands, na Waafrika wakawekwa upande wa mashariki, Pumwani. Hata michezo ilifuata mipaka hiyo. Masingasinga walikuwa na klabu yao, Sikh Union. Wagoa nao walikuwa na Goan Institute. Hata hivyo, wachezaji wa vilabu hivyo vilivyotengana ndio waliokutana kuunda timu moja ya Kenya, wakavaa sare moja.

Katika timu hiyo walikuwamo washambuliaji hodari kama Hilary Fernandes, na mshambuliaji husifiwa kila afungapo bao. Sohal alikuwa beki. Kazi ya beki ni kuzuia, na bao lililozuiwa haliandikwi popote. Pamoja na hayo alicheza katika Olimpiki nne: Roma 1960, Tokyo 1964, Mexico 1968 na Munich 1972, na katika tatu za mwisho alikuwa nahodha. Michezo yake ya kimataifa ilifika 167.

Sasa itazame miaka hiyo kwa makini. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Miezi kumi baadaye, huko Tokyo, timu ya taifa hili changa iliongozwa na Singasinga mzaliwa wa Nairobi, ikamaliza ya sita. Lakini nyumbani swali zito lilikuwa likiulizwa: je, Mhindi ni Mkenya kweli? Sheria za mwaka 1967 ziliwataka wasio raia wawe na vibali vya kazi na leseni za biashara. Mwanzoni mwa 1968 maelfu ya Wahindi walifunga mizigo kwenda Uingereza, na mwezi wa Machi Bunge la London likapitisha sheria ya kuwazuia. Wengi wakawa kama mtu aliyesimama kizingitini, hajui aingie wapi. Oktoba ya mwaka huo huo, Sohal alikuwa Mexico, akiwaongoza wenzake kwa jina la Kenya.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1971, Kombe la Dunia la magongo lilichezwa kwa mara ya kwanza, mjini Barcelona. Kenya ilifika nusu fainali, ikashindwa na Hispania kwa bao moja kwa bila, na mwishowe ikawa ya nne duniani.

Baada ya hapo mambo yalififia. Wachezaji wengi walikuwa wamehama. Kenya haikushiriki Olimpiki za 1976 na 1980 kwa sababu za kisiasa. Tena, tangu 1976 mashindano makubwa yalianza kuchezwa juu ya nyasi bandia, ambazo bei yake ni ghali kwa nchi maskini. Sohal hakuupa mchezo kisogo. Aligeuka kuwa mwalimu. Mwaka 1987 Kenya ilitwaa dhahabu ya magongo katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Nairobi, na mwaka uliofuata ikacheza Olimpiki ya Seoul.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Sohal alicheza kwao, katika miaka ambayo wengine walikuwa na shaka kama hapa ni kwao. Basi, msomaji, ukisikia mtu akipimwa uraia wake kwa rangi ya ngozi au kwa jina la babu yake, uliza kwanza ameitendea nchi jambo gani.