Nani anagharimia kituo cha afya? Zoni ya afya na ununuzi wa huduma katika Kongo

Katika Kongo, afya ya msingi inapangwa kwa zoni za afya. Nchi ina zaidi ya zoni 500. Kila zoni ina ofisi chini ya daktari mkuu wa zoni, hospitali kubwa ya rufaa, na vituo vya afya. Nyingi zinabebwa na makanisa. Kule Bukavu, Hospitali ya Panzi ni ya jumuiya ya CEPAC, na ndiyo pia hospitali kubwa ya rufaa ya zoni ya Ibanda. Vijijini, mradi wa SANRU, ulioanza mwaka 1981 ndani ya ECC (wakati ule ECZ) kwa msaada wa Marekani, ulisaidia sana kusimamisha mfumo huu.

Serikali inaitambua kazi hiyo, lakini kuilipa ni jambo lingine. Wauguzi wengi hawana mshahara wa serikali. Wanaishi kwa pesa ya wagonjwa. Ndiyo maana mama aliyejifungua anaweza kuzuiliwa hospitalini mpaka jamaa walete deni.

Katika miaka ya 2000, Kivu ya Kusini ilijaribu njia nyingine pamoja na shirika la Cordaid: kununua matokeo. Kituo kinatia sahihi mkataba na wakala wa ununuzi, kinatangaza hesabu ya uzazi, chanjo na matibabu, na wakaguzi wanailinganisha na rejista. Kisha chama cha mtaa kinatafuta baadhi ya wagonjwa nyumbani. Je, mtu huyu yupo? Alitibiwa? Alitozwa ngapi? Kwa maoni yetu, hatua hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, maana wagonjwa hewa hawana nyumba. Mradi wa PDSS wa Benki ya Dunia, uliokubaliwa mwaka 2014, ulipeleka njia hiyo katika majimbo mengine.

Udhaifu upo. Huduma isiyo na bei katika mkataba husahaulika, na mfadhili akiondoka, posho inakatika.

Mwaka 2023 serikali ilianzisha uzazi wa bure, kwanza Kinshasa. Hapa mnunuzi ni serikali: mama halipi, kituo kinarudishiwa. Malipo yakichelewa, dawa zinaisha, na mama anatumwa kununua glavu na serumu sokoni. Bure hiyo ni ya jina tu.

Waamini wengi wamo katika CODESA, kamati ya eneo la afya. Kamati hiyo inaweza kuomba mambo matatu: kuona mkataba, bei zibandikwe ukutani, na hesabu za kila mwezi zisomwe mbele ya watu.